Prosesa Mpya kwa Mfuko Mdogo: Anza na Ubao Mama

Tangazo la kompyuta Nairobi huandikwa hivi: "Core i7, RAM 8, 500GB, ex-UK" (yaani mtumba kutoka Uingereza), basi. Hiyo i7 inaweza kuwa i7-2600 ya mwaka 2011, ambayo i3-12100 ya mwaka 2022 inaiacha mbali, ingawa zote mbili zina viini 4 (sehemu zinazofanya kazi) na nyuzi 8 (kazi zinazoweza kushikwa kwa pamoja). Kwa hiyo ukifika Luthuli Avenue au Moi Avenue usiulize kama ni i7. Uliza ni i7 namba ngapi. Tarakimu zinazofuata kistari ndizo zinazotaja kizazi: i5-6500 ni kizazi cha 6, i5-12400 ni cha 12. Herufi ya mwisho nayo ina maana. F haina picha za ndani (sehemu ya prosesa inayoipa skrini picha), kwa hiyo bila kadi ya picha skrini itabaki nyeusi. T ni ya wati 35, na kasi yake imepunguzwa. K hufunguliwa kasi kwenye ubao wa bei ghali tu, na ukiiweka kwenye ubao wa bei nafuu umelipia kitu usichokitumia. Kwa Ryzen, prosesa za AMD, G ina picha za ndani. 5500 na 5600 zisizo na G hazina.

Lakini hesabu haianzii kwenye prosesa. Ubao mama ndio unaoamua prosesa ipi itakaa, RAM ya aina gani, pawa saplai ya namna gani, na kama kasha ulilo nalo litafaa. Watu wengi huenda mjini na pesa za prosesa moja wakarudi na deni la vitu vinne.

Kwanza hakikisha mkosaji ni prosesa

Fungua kazi inayokuchosha, iwe Excel nzito, video au mchezo, kisha ubonyeze Ctrl+Shift+Esc uangalie ukurasa wa Performance. Diski ikiwa 100% huku prosesa iko 20%, unahitaji SSD, na mwongozo huu unaweza kusubiri. RAM ikijaa zaidi ya 85%, ongeza RAM. Kama RAM ni kijiti kimoja, cha pili kinachofanana nacho huongeza pia upana wa njia ya data, na tofauti huonekana sana kwa anayetumia picha za ndani. Prosesa ikishikilia 100% wakati wote wa kazi, hapo sasa tuendelee.

Kabla ya kutoa pesa, pima joto kwa programu ya HWiNFO. Prosesa nyingi za Intel hujipunguzia kasi zikikaribia nyuzijoto 100, na kompyuta iliyokaa miaka kadhaa karibu na dirisha la barabara ya vumbi haikosi kufika huko. Kusafisha feni na kubadilisha pesti ya joto iliyo kati ya prosesa na kipoza ni kazi ya nusu saa, na pengine ndiyo matengenezo yote uliyohitaji.

Ikiwa ni laptopu, acha. Karibu laptopu zote za miaka ya karibuni zina prosesa iliyochomelewa kwenye ubao. Fundi anayekuambia atakubadilishia i3 iwe i7 atakuuzia ubao mzima wa mtumba.

Andika ulicho nacho

Kwenye Windows bonyeza Win+R, andika msinfo32, usome jina la prosesa na la ubao (BaseBoard Product). Kwenye Linux ni sudo dmidecode -t baseboard. Kisha fungua kasha uandike haya: aina ya RAM, lebo ya pawa saplai, idadi ya pini za waya mkubwa unaoingia kwenye ubao, na matundu ya skrini yako. Hili la mwisho husahauliwa. Skrini nyingi za mtumba mjini zina VGA tu, na ubao mpya unaweza kuja na HDMI na DisplayPort pekee. Utanunua kibadilishi juu ya bajeti.

DDR3 ina pini 240, DDR4 na DDR5 zina 288 kila moja, ila pengo la katikati liko mahali tofauti. Kijiti kikikataa kuingia, hakitaki nguvu. Ni aina nyingine hicho.

Mwenye EliteDesk au OptiPlex asome hapa kwa makini

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa Nairobi ni za ofisi za Ulaya: HP EliteDesk, Dell OptiPlex, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine imara, lakini zilijengwa zikae na vipuri vya nyumbani kwao. EliteDesk 800 G1 hulisha ubao kwa waya wa pini 6, OptiPlex 9020 kwa pini 8, wakati ubao wa kawaida wa dukani unataka pini 24. Mara nyingi bati la nyuma lenye matundu ni sehemu ya kasha lenyewe, halitoki. Plagi ya swichi ya kuwasha pia imepangwa kwa namna ya kampuni. Kwa hiyo ubao mpya hauingii humo bila msumeno, na ubao wa humo hauendi kwingine. Ukibadilisha ubao wa mashine kama hiyo, jua umenunua pia kasha na pawa saplai.

Unachoweza kufanya kwa urahisi ni kubadilisha prosesa peke yake ndani ya kizazi kile kile:

OptiPlex 9020 na EliteDesk 800 G1 zina soketi (kikao cha prosesa) LGA1150 na chipseti (chipu ya ubao inayoamua prosesa zipi zinapokelewa) Q87. Ikiwa ndani kuna i5-4570 (viini 4, nyuzi 4), i7-4770 huingia moja kwa moja na kukupa nyuzi 8.

OptiPlex 7040 na EliteDesk 800 G2 ni LGA1151 ya kizazi cha 6. i5-6500 huondoka, i7-6700 huingia.

OptiPlex 7060 na EliteDesk 800 G4 ni kizazi cha 8. Kutoka i5-8500 yenye viini 6 na nyuzi 6, hadi i7-8700 yenye nyuzi 12.

Hizo ni za kasha kubwa na la wastani. Zile ndogo za kukaa nyuma ya skrini mara nyingi hutaka prosesa za T za wati 35. Ukiweka ya wati 65 kwenye kipoza kidogo kile, itapanda joto na kujipunguzia kasi hadi ubaki ulipokuwa. Soma karatasi ya kampuni ya modeli yako kwanza, na usasishe BIOS (programu ya ubao inayoiwasha kompyuta) kabla ya kung'oa prosesa ya zamani, maana baada ya hapo huna cha kusasishia.

Kuna jambo la Windows la kupima hapa. Windows 10 iliachwa kupewa masasisho ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 au Ryzen 2000 kwenda mbele, pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Kuna njia za kulazimisha, lakini i7-6700 haimo kwenye orodha rasmi hata ikiwa na nguvu kiasi gani. Kwa mwenye mashine ya DDR3, ushauri wetu ni mfupi: iuze nzima, uongeze pesa, ununue ex-UK ya kizazi cha 8. Kubadilisha ubao, prosesa, RAM, kasha na pawa saplai kwa pamoja ni kununua kompyuta nyingine kwa rejareja.

Soketi: hapa ndipo pesa hupotea

LGA1151 imewachoma wengi. Kizazi cha 6 na 7 hutumia chipseti za mia moja na mia mbili (H110, B150, H270). Kizazi cha 8 na 9 hutumia za mia tatu (H310, B360, B365). Soketi ina jina lile lile na prosesa inatoshea kwa mkono, lakini i5-8400 haitawaka kwenye H110. Muuzaji asiyejali atakuambia "ni 1151 tu, itaingia". Ni kweli itaingia.

LGA1200 ni ya kizazi cha 10 na 11. Tahadhari yake: H410 na B460 kwa kawaida hazipokei kizazi cha 11. Ukipata i3-10100 na ubao wake kwa bei ya chini, ni mali nzuri bado. Nguvu yake ni kama ya i7-7700 ya zamani.

LGA1700 hupokea kizazi cha 12, 13 na 14. Ubao wake kwa kawaida huja wa DDR4 au wa DDR5, si zote mbili, na boksi za aina mbili hizo hufanana sana. Soma maandishi yenyewe.

AM4 ya AMD imedumu kuliko zote, kutoka Ryzen 1000 hadi 5000. Hata hivyo A520 na B550 hazipokei rasmi Ryzen 1000 na 2000, wala 3200G na 3400G ambazo kwa jina ni za 3000 lakini ndani ni za kizazi cha nyuma. AM5 ni DDR5 peke yake. Bei za RAM zilipanda vibaya mwishoni mwa 2025, kwa hiyo mwenye bajeti ndogo na vijiti vya DDR4 mkononi asivitupe ili akimbilie AM5.

Mchanganyiko tunaoupendekeza

Kama una DDR4 na kasha la kawaida, njia ni mbili.

Ya kwanza: LGA1700, ubao wa H610 wa DDR4 na i3-12100. Kwa ofisi, shule, msimbo na michezo ya kawaida inatosha. Ukiwa na kadi ya picha, chukua 12100F uokoe kidogo. Usipokuwa nayo, usishawishike na bei ya F. Pesa ikiruhusu, i5-12400 ina viini 6 na nyuzi 12, na ubao ule ule unaibeba. Wati zake za juu kabisa ni 117. Usipande zaidi ya hapo kwenye H610 ya bei ya chini: i7-12700 hufika wati 180, na vipande vinavyoipa prosesa umeme kwenye ubao huo havina hata bati la kupozea. Itawaka vizuri, kisha itapunguza kasi kila kazi ikiwa ndefu.

Ya pili: AM4. Kama tayari una ubao wa B450 wenye Ryzen ya zamani, hakuna mpango wa bei nafuu zaidi Nairobi nzima: sasisha BIOS, weka Ryzen 5 5600, RAM, kipoza na pawa saplai vibaki. Kwa asiye na kadi ya picha, 5600G na vijiti viwili vya DDR4-3200. Kijiti kimoja kwenye 5600G ni kuinyima nusu ya chakula chake. Jua pia kwamba 5500 na 5600G hutumia PCIe (njia ya data kati ya prosesa na kadi ya picha) 3.0 hata ukizikalisha kwenye B550. Hili lina uzito ukiwa na kadi kama RX 6500 XT, yenye njia 4 tu za PCIe 4.0, kwenye 3.0 hupoteza sehemu ya nguvu yake.

Tunavyoviacha: mbao za X99 zisizo na jina zinazouzwa pamoja na Xeon E5 (prosesa ya seva) ya viini 14. Bei inavutia, lakini hazina picha za ndani, hula umeme, BIOS yake haina mwenyewe, na ikifa hakuna wa kukubadilishia. i7 na i9 zilizotumika za kizazi cha 13 na 14 ziache pia. Intel ilikiri mwaka 2024 kwamba baadhi zilikuwa zikiharibika kwa kupewa volti nyingi, na ingawa masasisho ya BIOS yanazuia uharibifu mpya, hayaponyi iliyokwisha kuharibika. Na Ryzen Pro iliyotoka kwenye Lenovo inaweza kuwa imefungwa kwa mbao za Lenovo tu. Kwenye ubao mwingine haiwaki kabisa.

Pawa saplai na kipoza

Usiamini "500W" iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Tafuta kwenye lebo mstari wa +12V, uzidishe ampea kwa 12. Ikiwa ni 18A, hiyo ni wati 216, hata lebo ikisema nini. Kwa i5-12400F na kadi ya picha ya wati 120, hesabu ni 117 na 120 na kama 50 za vingine, karibu wati 290, yaani ampea 24. Nunua yenye 30A au zaidi. Kama mashine ilitoka Marekani badala ya Uingereza, angalia swichi nyekundu nyuma: ikiwa kwenye 115, umeme wetu wa volti 240 utaimaliza kabla hujaona nembo.

Kipoza cha LGA1200 hakikai kwenye LGA1700. Mashimo yamehama kutoka milimita 75 hadi 78. Prosesa ya mtumba huuzwa bila kipoza, kwa hiyo kiingize kwenye bei.

Dukani

Jumlisha vyote kwenye karatasi kabla ya kupanda matatu: ubao, prosesa, kipoza, RAM ikihitajika, pawa saplai, kibadilishi cha skrini. Toa bei utakayouza vya zamani. Jumla ikizidi bei ya OptiPlex 7060 nzima, nunua OptiPlex. Bei hufuata dola, kwa hiyo uliza maduka matatu siku hiyo hiyo, ukitaja namba kamili ya modeli. Uliza pia kama bei ina VAT ya 16%, maana wengine hukutajia bei moja kisha nyingine ukiomba risiti ya KRA.

Ubao wa Intel una pini zake kwenye soketi. Ondoa plastiki, washa tochi ya simu, utazame kwa pembeni kutoka pande mbili. Safu zote zing'ae sawasawa. Kadoa kamoja kenye giza ni pini iliyolala. Kwenye AM4 pini ziko kwenye prosesa yenyewe, igeuze uone kama mistari imenyooka. Angalia kapasita zilizovimba kichwa na madoa ya flaksi ya kuchomelea, dalili ya ubao uliowahi kurekebishwa.

Halafu omba BIOS isasishwe hapo hapo. H610 iliyokaa rafuni tangu 2022 haitaitambua i3-13100, na B450 ya zamani haitaitambua 5600. Ukiifanya nyumbani, iwe kwenye UPS, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo ubao hugeuka kipande cha plastiki, isipokuwa ule wenye kitufe cha kurudisha BIOS kwa flashi.

Mwambie akuwashie, aingie Windows, afungue CPU-Z. Jina, idadi ya viini na nyuzi vilingane na ulichoambiwa. Lipa kwa M-Pesa baada ya hapo, kwa namba ya till ya duka na si ya mtu, na risiti iandikwe namba ya mfululizo (serial) ya kila kipande na muda wa dhamana. "Dhamana ya kupima" ya siku saba ni ya kawaida kwa mtumba, itumie yote.

Kufunga

Kwanza washa nje ya kasha: ubao juu ya boksi lake la katoni, prosesa, kijiti kimoja cha RAM, kipoza, pawa saplai. Gusa chuma cha kasha kabla ya kushika chochote. Pembetatu ya prosesa ifuate pembetatu ya soketi, uiache ishuke yenyewe. Pesti kiasi cha punje ya njegere. Chomeka waya wa pini 24 na ule wa pini 8 wa karibu na prosesa, feni kwenye CPU_FAN. Ubao ukionyesha picha, ndipo uuhamishe.

Unapong'oa AM4 ya zamani, iendeshe dakika kumi ipate joto, uzime, kisha uzungushe kipoza kushoto na kulia kabla ya kuinua. Ukikivuta kikiwa baridi, prosesa hutoka nacho na pini hupinda.

Ndani ya kasha hesabu vijiti vya shaba vinavyoinua ubao. Kimoja kikibaki mahali ambapo ubao hauna tundu la skrubu, kinaweza kuugusa kwa nyuma na kuleta shoti. Kwenye ubao wenye matundu manne ya RAM, vijiti viwili vikae tundu la pili na la nne kutoka prosesa. Ukishawaka, ingia BIOS uwashe XMP (mpangilio wa kasi kamili ya RAM), la sivyo RAM ya 3200 inaweza kuishia 2133 au 2666.

Windows baada ya ubao kubadilika

Kabla ya kung'oa chochote, nakili data na usimamishe BitLocker (kufuli la diski la Windows), au angalau uhifadhi ufunguo wake wa kurejesha. Leseni iliyokuja na mashine ya ofisi hubaki na ubao wake. Iliyonunuliwa peke yake unaweza kuihamisha. Diski ya zamani yenye mpangilio wa MBR haitawaka kwenye ubao wa LGA1700 unaotumia picha za ndani, kwa sababu njia ya zamani ya kuwasha haipo tena. Amri ya kupima kama inaweza kugeuzwa iwe GPT, mpangilio mpya, ni mbr2gpt /validate /allowFullOS, na ikikubali, mbr2gpt /convert /allowFullOS. Iendeshe mwisho kabisa kabla ya kuhama. Usakinishaji mpya bado ndio safi zaidi.

Imekataa

Feni zinazunguka na skrini ni nyeusi: angalia waya wa pini 8, kisha kama waya wa skrini uko kwenye kadi ya picha na si kwenye ubao, kisha kama prosesa si F isiyo na kadi. Subiri dakika chache mara ya kwanza. Ubao wa DDR5 huchukua muda kuizoea RAM, na kuuzima katikati hurudisha kazi mwanzo. Bado? Kijiti kimoja, tundu moja moja. Toa betri ya CR2032 kwa dakika tano umeme ukiwa umechomolewa. Ikizimika baada ya sekunde chache, kipoza hakijakaa. Ikiwaka na kuzima mara tu unapobonyeza, tafuta shoti ya kijiti cha shaba.

Ikishindikana kabisa, irudishe siku hiyo hiyo, prosesa ikiwa bado ndani ya soketi ili pini zisiguswe njiani. Plastiki ya soketi iende nayo kwenye boksi, kwa sababu ubao unaorudishwa bila plastiki hiyo duka litasema pini umezipinda wewe.